Kushusha injini ya pikipiki nyumbani

Injini ya pikipiki kubwa ya silinda nne yaweza kufika kilo 80. Usiinamie na kuinyanyua peke yako. Uzito huo hubana diski zilizo kati ya pingili za mgongo. Mwaga petroli na oili, toa tangi, betri, ekzosi na cheni, chomoa waya. Kisha, mkiwa wawili, ilazeni pikipiki ubavu juu ya godoro kuukuu, fungueni boliti, mnyanyue fremu, ambayo ni nyepesi, injini ibaki chini.

Wengi hunawa kwa petroli kwa kuwa ipo karibu. Hukausha na kubabua ngozi. Paka mafuta ya kupikia, sugua, kisha sabuni. Grisi iliyoganda huzuia maji kufika kwenye ngozi. Iondoe kabla ya udhu.