Somo la Ufundi: Aluminiamu Haipendi Kurushwa

Fundi wa jua kali huyeyusha sufuria kuukuu na vipande vya injini, akamimina katika kalibu ya mchanga. Kifaa kikipasuka mkononi mwa mteja, malighafi ndiyo hulaumiwa. Profesa John Campbell wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, alionyesha kuwa kosa huweza kuwa katika kumimina.

Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na papo hapo hewa huifunika utando mwembamba. Ikiingia kalibuni kwa kasi inayozidi nusu mita kwa sekunde hurukaruka, utando ukajikunja na kumezwa ndani. Huko hubaki kama ufa uliofichika. Kasi hiyo hufikiwa kwa kuanguka sentimita 1.3 tu, chini ya upana wa kidole gumba!

Miaka ya 1990, Campbell na wenzake walipiga picha za eksirei aluminiamu ikijaza kalibu, wakazilinganisha na makadirio ya programu za kompyuta. Kompyuta husaidia kuchora mifereji kabla ya kumimina. Asiye nayo aweke chungu karibu na mdomo wa kalibu, na mfereji uingilie chini ili aluminiamu ipande taratibu.