Usitoe amana ya ile nusu ekari ya Oyugis

SWALI

Kwako Mama Mshauri. Mimi ni mjane wa miaka 56, mkazi wa Shirati, wilaya ya Rorya, Tanzania. Nina miaka kumi na miwili sasa ya kupeleka dagaa Oyugis. Binti yangu wa pekee ameolewa hapo, ana watoto watatu, nami safari za mpakani zimenichosha. Nataka kuhamia Oyugis moja kwa moja, ninunue mahali nijenge nizeekee karibu na wajukuu.

Nimeulizia Migori na Homa Bay, bei zikanishinda. Oyugis mjini nimeambiwa ploti ya futi hamsini kwa mia ni shilingi 700,000 za Kenya. Lakini kuna mzee ananiuzia nusu ekari, mwendo wa boda boda kutoka sokoni, kwa 250,000 tu. Hati iko kwa jina la marehemu baba yake, ila anasema tutaandikiana mbele ya wazee na chifu, na hapo mambo yamekwisha. Mkwe wangu naye anasema kwa kuwa mimi si Mkenya, tuandikishe kwa jina lake. Mzee anataka amana ya 50,000 kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna mteja mwingine. Binti yangu ananihimiza nisichelewe. Mama, nifanyeje?

Bibi wa Watatu, Shirati

JIBU

Dada yangu Bibi wa Watatu, nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya yote nakuomba: hiyo amana usiitoe. Si Ijumaa hii, si Ijumaa ijayo. Mteja mwingine kama yupo, mwache anunue.

Nayasema haya nikijua unavyojisikia. Fedha hizo umezipata debe kwa debe, na unachotaka ni kuamka asubuhi usikie sauti za wajukuu zako. Ndiyo maana sitaki uzitupe.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo iliyokuvuta. Umelinganisha nusu ekari kwa 250,000 na ploti ya mjini, ambayo ni kama sehemu ya nane ya ekari, kwa 700,000. Ukitazama ukubwa, ile ya mzee ni zawadi. Lakini hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa mbele ya sheria, na kimoja kati yake wewe huwezi kukinunua hata kama fedha unazo mkononi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 65, inasema mtu asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa mkataba wa muda tu, na muda huo usizidi miaka 99. Hata ukiandikiwa karatasi inayosema ardhi ni yako milele, sheria itaisoma kama miaka 99 basi. Hilo si baya. Kwa umri wako na wangu, miaka 99 inatosha na wajukuu watabaki nayo. Tatizo ni sheria ya pili, ile ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302. Shamba la kilimo haliuzwi Kenya bila kibali cha bodi ya ardhi, na sheria hiyo inaiagiza bodi ikatae pale mnunuzi au mkodishaji si raia. Msamaha upo, lakini unatoka kwa Rais wa nchi, hautoki kwa chifu wala kwa wazee wa kijiji. Na uuzaji uliokosa kibali hicho ni batili. Unachobaki nacho ni haki ya kumdai muuzaji fedha zako kama deni lingine lolote, na wewe unajua jinsi madeni ya mzee wa kijijini yanavyolipwa.

Usidhani Kenya inawaonea Watanzania. Kwenu pia Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Tunasikia kila siku kwamba Afrika Mashariki ni moja, na kweli Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, lakini suala la ardhi itifaki hiyo iliiachia kila nchi na sheria zake. Dagaa wako wanavuka mpaka wa Sirari na kugeuka omena upande wa pili; haki ya shamba haivuki nao.

Kwa hiyo, dada, ramani yako ni ndogo kuliko ramani ya bei. Sehemu nyingi zenye bei ya chini kuanzia Kabondo kwenye viazi vitamu mpaka vijiji vya Migori ni nafuu kwa kuwa ni mashamba, na mashamba ndiyo hasa usiyoruhusiwa. Kinachobaki ni ardhi ya mijini: Isebania, Migori, Awendo, Rongo, Oyugis, Kendu Bay, Homa Bay. Ukiwa ndani ya mji bado omba mpima ardhi au wakili ahakikishe kwamba kipande chenyewe hakihesabiwi kuwa shamba, maana mji unakua haraka kuliko madaftari.

Sasa hiyo hati ya marehemu. Hapa ndipo ningependa uniazime sikio vizuri, kwa sababu hata ungekuwa Mkenya mzaliwa wa Oyugis ningekukataza. Ardhi iliyo kwa jina la mtu aliyekufa haina muuzaji mpaka mahakama iseme ni nani. Sheria ya Mirathi inataka warithi waende mahakamani, msimamizi ateuliwe, kisha mahakama ithibitishe usimamizi huo na mgawo wake. Kabla ya uthibitisho hata msimamizi mwenyewe haruhusiwi kuuza ardhi ya marehemu. Na warithi si wana wa kiume peke yao. Dada zake huyo mzee walioolewa Nyakach au Kisii wana haki sawa na yake.

Shangazi yangu alinunua kipande cha namna hiyo. Waliandikiana mbele ya wazee, akachinja jogoo, akapanda mkonge mpya mpakani, akachimba msingi. Siku fundi aliposhusha tofali za kwanza, akaja mama mmoja na kikapu, akaketi juu ya tofali zile. Hakutukana mtu. Akatoa kikapuni bahasha, ndani yake cheti cha kuzaliwa na nakala ya hati ya baba yake, akavitandaza juu ya kitenge chake, akasema, “Mimi ndiye kifungua mimba wa mwenye shamba hili, na sijaulizwa.” Akakaa hapo mpaka fundi akakusanya mwiko na pima maji akaondoka. Shangazi hakuwahi kuinua ukuta. Yule aliyemuuzia alikuwa amekwisha kula fedha, na wale wazee waliotia dole gumba walisema wao walishuhudia mapatano tu, hawakushuhudia umiliki. Walisema kweli.

Chifu anaweza kukutambulisha kwa majirani na kukwambia kama kuna ugomvi wa mpaka. Kazi hiyo ni muhimu. Kuhamisha ardhi si kazi yake.

Kuhusu mkwe wako, sina sababu ya kumdhania ubaya. Pengine ni kijana mwema anayetaka kukurahisishia. Lakini jina lililo kwenye hati ndilo mwenye mali machoni pa benki, pa mahakama na pa ndugu zake. Akiweka hati rehani kwa mkopo wa pikipiki akashindwa kulipa, nyumba itakayonadiwa ni yako. Akifariki, Mungu apishie mbali, nyumba yako itaingia katika mirathi yake, nawe ukaanze kueleza kwa mashahidi kwamba fedha zilitoka Shirati. Wakiachana na binti yako, utadai nyumba kwa mtu ambaye si mkweo tena. Na hata wakiishi vizuri miaka yote, utakuwa mama mkwe anayekaa kwa hisani ya mkwe. Wewe ni Mjaluo kama wao, unajua uzito wa heshima kati ya maro, yaani mama mkwe, na mume wa binti yake. Umbali kidogo huihifadhi heshima hiyo.

Zipo njia nyingine ndani ya familia. Iwapo binti yako ametimiza miaka saba ya ndoa na Mkenya, Katiba inampa haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, na raia anaweza kununua shamba. Lakini Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, Tanzania bado haijaruhusu. Asijaze fomu yoyote kabla ya kuongea na Uhamiaji wa kwenu. Nawe ujue kwamba mali ikiandikwa kwa jina la binti ni mali ya binti. Kama unampa, mpe kwa moyo mmoja. Kama ni nyumba yako, iandikwe jina lako.

Umeuliza pia, bila kuuliza waziwazi, kama Oyugis ndipo mahali penyewe. Mimi nasema ndipo. Migori ipo karibu na kwenu na biashara yake na Tanzania ni kubwa, lakini ungehamia huko ungekuwa umehama bila kuwafikia wajukuu, kwani bado pangebaki Awendo, Rongo na Kisii katikati. Homa Bay ni makao makuu ya kaunti, na tangu kaunti zianze mwaka 2013 kila mfanyakazi anayehamishiwa pale anatafuta ploti kama wewe. Kendu Bay ina maeneo yenye bei ya kuvutia, ila wewe ni mtu wa ziwa na unakumbuka mwaka 2020, maji yalivyopanda yakawatoa watu majumbani pande zote za Victoria. Ploti ya ufukweni inayouzwa kwa bei ya kutupa, muulize jirani maji yalifika wapi mwaka ule, akuonyeshe alama ukutani.

Oyugis iko juu, mbali na maji hayo, kwenye barabara kuu ya Kisumu na Kisii, na barabara ya Kendu Bay inaanzia hapo. Ukiugua usiku, hospitali ya rufaa ya Kisii haiko mbali. Soko unalijua kuliko mimi. Na omena unaweza kuwapata Homa Bay na Mbita bila kuvuka mpaka, ingawa utahitaji kuwajua wachuuzi wapya, jambo ambalo halifanyiki kwa wiki moja.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: panga nyumba kwanza. Chukua vyumba viwili Oyugis, umbali wa kutembea kwa miguu mpaka kwa binti yako, ukae mwaka mzima. Upitiwe na mvua ndefu za Machi hadi Mei uone mtaa upi hugeuka tope na upi boda boda hupita. Upitiwe na kiangazi ujue mtungi wa lita 20 unauzwa pesa ngapi na unatoka kisima gani. Usikie mwenyewe ugomvi wa ploti ukisimuliwa kwenye steji na kwa muuza chai, kwa maana mji mdogo hauna siri ya ardhi. Mwaka huo utumie pia kwenda Uhamiaji ukaulize kibali cha kuishi, kwani kununua nyumba hakukupi ruhusa ya kukaa Kenya, na pasi ya mgeni ina mwisho wake.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe anapewa, shamba hapewi. Wajaluo wana neno lake, jadak, mtu aliyekaribishwa kulima kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Alilima miaka, akazaa, akazika, na bado siku ya ugomvi aliitwa kwa jina hilo. Sitaki wewe uwe jadak mwenye karatasi isiyo na nguvu.

Mwaka ukipita, ukiipenda bado, nunua ile ploti ya mjini au nyingine kama hiyo. Mwajiri wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Apekue daftari la ardhi kujua mwenye jina ni nani, kama ana rehani, kama kuna zuio la mahakama. Mwulize wakili huyo miaka iliyobaki ya mkataba: ploti iliyotolewa mwaka 1975 kwa miaka 99 itaisha 2074, na hiyo si sawa na ya juzi. Mpima aje na ramani akuonyeshe mawe ya pembe zote nne, uyaguse kwa mkono. Kama muuzaji ana mke, sahihi ya mke iwepo. Utahitaji namba ya mlipa kodi ya KRA, ambayo hata mgeni hupewa, na utalipa ushuru wa stempu: mijini ni asilimia 4 ya thamani, kwa hiyo ploti ya 700,000 itakudai 28,000 zaidi, mbali na wakili na mpima. Zihesabu tangu sasa.

Najua 700,000 ni nyingi kwako. Basi tafuta pembezoni mwa mji, ndani ya mipaka yake, au nusu ya ploti iliyokwisha kugawanywa kihalali na kupata hati yake. Jenga chumba kimoja na jiko, vingine vitafuata.

Kwa binti yako, mwambie nimesema anakupenda ndiyo maana ana haraka. Kwa yule mzee, mpigie simu leo umwambie kwa adabu kwamba akimaliza mirathi ya baba yake atafute mnunuzi raia. Na zile 50,000 zipeleke Oyugis zikalipe kodi ya nyumba.