Milimani na Watoto Wadogo: Mwongozo wa Familia kwa Safari za Kondoa na Nyanda za Kati

Mtoto wa miaka mitano akifikishwa kwenye miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, haonyeshwi pa kutazama. Anaona mwenyewe: twiga, pofu na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya nywele, wote kwa rangi nyekundu, wamechorwa na watu walioishi hapa maelfu ya miaka iliyopita. Kando, pimbi wamejipanga juu ya jabali wakiota jua la asubuhi. Familia ya Dodoma inayotaka kuwatoa watoto mjini kwa siku mbili ina bahati ya kuwa na mahali kama hapa karibu, takriban kilomita 180 kwa barabara ya lami iendayo Babati.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia hizo. Kinashikilia jambo moja: safari ipimwe kwa mwili wa mtoto aliye mdogo kuliko wote. Mwendo, maji, saa za kutembea na mahali pa kulala vipangwe kwa kumtazama yeye, si kaka yake wa miaka kumi na miwili, wala baba aliyewahi kupanda Kilimanjaro.

Mlima upi?

Jiji la Dodoma liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na vilima vya mawe vinavyolizunguka vinatosha kwa mazoezi. Familia ianzie huko kwa matembezi ya saa moja asubuhi. Hapo ndipo wazazi watakapojua kiatu kipi kinambana mtoto, nani huchoka mapema, na nani hulazimika kubebwa.

Kolo huja baadaye. Njia ya kwenda kwenye michoro maarufu ya Mungomi ina mawe na mteremko mkali, lakini ni fupi. Mtoto wa miaka minne au mitano huimudu akipewa muda wa kusimama, na mtoto mchanga hubebwa mgongoni kwa mbeleko. Mwenye kubeba mtoto asibebe begi zito juu yake. Mikono yake ibaki huru kushika mwamba.

Mlima Hanang, ulio juu ya mji wa Katesh mkoani Manyara, usubiri. Kilele chake kina mita 3,420, na kuupanda na kushuka humchukua mtu mzima mwenye nguvu siku nzima. Kuanzia takriban mita 2,500 mwili unaweza kuugua kwa upungufu wa hewa. Mtu mzima atasema kichwa kinamuuma. Mtoto wa miaka mitatu atalia tu na kukataa chakula, na wazazi watadhani ni uchovu.

Majira na makorongo

Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri kwa safari: njia ni kavu na jua si kali kama la Oktoba na Novemba.

Kondoa ina historia ndefu ya ardhi iliyochimbwa na maji. Mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Uoto umerudi sehemu nyingi, lakini makorongo na mito ya mchanga bado ipo. Mchanga huo ni laini na tambarare, na watoto huupenda. Hata hivyo, hema lisipigwe humo hata siku moja. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika chini ghafla, hata pale ambapo anga ni jeupe.

Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Hanang hadi Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wakati wa mvua, familia ikae mbali na miteremko na mabonde.

Maji, jua na chakula

Kwa siku ya kutembea, mtu mzima akadiriwe lita 3 za maji ya kunywa na mtoto lita 2. Wazazi wawili na watoto wawili, kwa siku mbili, wanahitaji dumu zima la lita 20. Maji ya kupikia na kunawa yawe kwenye dumu la pili. Mtoto apewe mafunda machache kila baada ya robo saa, asingojwe mpaka aseme ana kiu. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita hapewi maji. Ananyonyeshwa mara nyingi zaidi.

Matembezi yaanze saa 12 na nusu asubuhi na yaishe kabla ya saa 5. Mchana ni wa kivulini. Midomo mikavu, mkojo wenye rangi iliyokolea, kilio kisicho na machozi na usingizi wa ghafla ni dalili za upungufu wa maji: mtoto atulizwe kivulini, apewe maji yenye ORS kidogo kidogo, na asipopata nafuu apelekwe hospitali.

Zabibu za Dodoma, ndizi na viazi vilivyochemshwa ni chakula kizuri cha njiani. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, zabibu zikatwe vipande, na karanga nzima asipewe kabisa, kwani humpalia kwa urahisi.

Usiku

Juni na Julai usiku wa nyanda za kati una baridi na upepo. Kila mtoto awe na sweta, soksi, kofia na blanketi lake, na chini kitandikwe mkeka au godoro jembamba, kwa sababu baridi ya ardhini hupenya kuliko ya hewani. Jiko la mkaa lisiingizwe hemani, hata likiwa limebaki makaa tu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Asubuhi kila kiatu kipigwe chini na kukung'utwa kabla ya kuvaliwa. Nge hupenda joto la ndani ya kiatu.

Nyuki na nyoka

Miamba na mibuyu ya ukanda huu ni makazi ya nyuki. Watoto wakatazwe kurusha mawe kwenye mashimo. Nyuki wakivamia, mtoto afunikwe kichwa kwa khanga na wote wakimbie mbali. Kupigana nao huwazidishia hasira.

Mikono isiingizwe kwenye nyufa za mawe. Mtoto akiumwa na nyoka, avuliwe bangili na viatu, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, abebwe na kupelekwa hospitali mara moja. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, lisifungwe kamba ya kukaza, na muda usipotezwe kwa jiwe la nyoka.

Adabu ya mahali

Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili michoro mingi ya eneo hili, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Familia ianzie ofisi ya mambo ya kale Kolo, ilipe kiingilio na kupewa kiongozi. Michoro haiguswi wala hailowanishwi. Mungomi bado ni mahali ambapo wenyeji hufanyia matambiko, ya mvua na ya tiba. Wazee wakiwa katika ibada yao, wageni hungoja.

Kabla na baada

Kabla ya kuondoka, ndugu aliyebaki nyumbani aachiwe jina la kijiji na saa ya kurudi. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mawasiliano ya simu yajaribiwe kambini mapema, si wakati wa tatizo.

Mkirudi, mtoto akaguliwe kupe nyuma ya masikio, kwapani na kinenani. Akipata homa ndani ya wiki chache, apelekwe kituo cha afya akapimwe malaria, na mhudumu aambiwe wazi kwamba mtoto alilala porini Kondoa.