Kabla Deki ya Mwisho Haijafa

Nyumba nyingi zina mkanda wa harusi ya miaka ya tisini uliolala juu ya kabati, ndani ya boksi la viatu, haujatazamwa tangu deki ilipoharibika. Wenyewe huhofia mkanda. Mimi nahofia deki. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Zilizobaki zote ni mitumba, na mafundi wanaozijua nao wanazeeka.

Mkanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku zilizoshikwa na gundi. Gundi hiyo hunywa unyevu, na joto la Tanga au Mombasa halina huruma: miaka ikipita utepe huanza kunata. Chungulia kidirisha cha kaseti. Ukiona unga mweupe, hiyo ni kuvu, usithubutu kuutia mkanda huo kwenye deki. Kuvu itahamia kwenye hedi, sehemu ya deki inayosoma utepe, na kutoka hapo iingie kila mkanda utakaofuata. Ufunge mkanda huo kwenye mfuko, utafute fundi anayejua kuusafisha.

Mikanda iliyo mizima, ivunje kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake. Halafu jaribu deki kwa mkanda usiouonea uchungu, filamu yoyote ya zamani. Deki iliyokaa muda mrefu ina tabia ya kutafuna.

Sasa unganisha deki na kompyuta: waya ya njano ni ya picha. Nyekundu na nyeupe ni za sauti. Zote huingia kwenye kifaa kidogo cha kunasia video kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Programu ya OBS Studio ni ya bure na inatosha. Mikanda yetu ni ya mfumo wa PAL, ila mkanda uliotumwa na ndugu aliyeko Marekani au Kanada kwa kawaida ni NTSC, na deki isiyoujua mfumo huo itakupa picha inayorukaruka au isiyo na rangi.

Njia ya mkato hakuna: mkanda wa saa tatu hunaswa kwa saa tatu. Kwa ubora wa DVD, tenga gigabaiti 2 hadi 4 kwa kila saa. Nakala moja iwe kwenye diski ya nje nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, ya tatu kwenye hifadhi ya intaneti. Kutuma WhatsApp si kuhifadhi. Video hubanwa ikafifia. Mkanda wenyewe usiutupe. Urudishe nyuma mpaka mwanzo, uusimamishe wima mahali pakavu.

Na zile saa tatu usiziache zipite bure. Mwite bibi akae mbele ya runinga, wewe shika daftari. Yule wa kanga ya kijani anayepiga vigelegele ni nani? Andika jina na dakika aliyotokea, maana kompyuta haimjui.