OTP ya SHA Nayo Ni PIN: Linda Rekodi Yako ya Afya

Wateja wetu wa Thika na Ruiru wanajua vizuri kwamba PIN haitajwi kwa mtu yeyote. Lakini ukiwauliza kuhusu zile namba zinazoingia kwa simu wakiwa hospitalini, jibu mara nyingi huwa, "Hizo nilimpea tu mtu wa SHA." Leo tujifunze namba hizo zinafungua nini, na kwa nini uzichunge kama pesa zako.

Mfumo uko vipi?

Tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2023, Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa saini. Sheria hiyo iliunda Wakala wa Afya ya Kidijitali na kuagiza nchi iwe na mfumo mmoja wa taarifa za afya. Lengo ni hili: ukitibiwa Ruiru leo, halafu kesho upelekwe Thika Level 5, daktari aone historia yako bila kukuuliza upya dawa gani inakudhuru. Mgonjwa aliyezimia hawezi kujibu swali hilo, kwa hivyo mfumo wa aina hii unaweza kuokoa maisha.

Lakini mfumo ambao daktari anaingia lazima uwe na mlango, na mlango una ufunguo.

OTP inafungua nini?

Ukifika kituoni, karani anakutafuta kwa namba ya kitambulisho. Kitambulisho peke yake hakitoshi, maana nakala zake ziko kila mahali: kwa landlord, kwa askari wa geti, kwa duka la simu. Ndiyo maana mfumo hutaka uthibitisho wa pili, yaani alama ya kidole au OTP inayotumwa kwa simu uliyosajili. Ukitoa OTP, umesema: "Ni mimi, niko hapa, na nimekubali huduma hii."

Sasa tuseme mama mboga wa Makongeni anapigiwa simu: "Mama, tunaupdate SHA yako isifungwe. Nisomee hizo namba sita zimeingia." Anasoma. Salio lake halijaguswa, kwa hivyo anaona hakuna kilichoibiwa. Kumbe mtu anaweza kutumia idhini hiyo kudai malipo ya matibabu ambayo hayakufanyika. Si hadithi tu: mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya kuwasilisha bili za uongo.

Hasara iko wapi?

Kwanza, huduma kadhaa za SHA zina kikomo cha mwaka kwa familia nzima. Ikiliwa na mwizi, siku ya kulazwa kweli utaambiwa kimeisha, na wewe umekuwa ukilipa.

Pili, rekodi yako inaandikwa ugonjwa usio wako. PIN ikijulikana, unaibadilisha kwa dakika moja. Historia ya ugonjwa haibadilishwi hivyo, na daktari anayeisoma anaweza kukupa dawa isiyokufaa.

Fanya haya

1. Hakikisha laini iliyosajiliwa ni yako. Wengi, hasa wazazi wetu, walisajiliwa kwa simu ya mtoto, jirani au aliyewasaidia. OTP huenda huko. Piga *147# au ingia Afya Yangu uangalie. Ukikwama, uliza dawati la SHA hospitalini au Huduma Centre Thika.

2. Usiache laini ikafa kimyakimya. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine. Ukibadilisha namba, badilisha na kwenye SHA.

3. OTP itolewe ukiwa mbele ya karani, kwa huduma unayoijua. Uliza, "Hii ni ya nini?" Si ufidhuli, ni haki yako. Kwa simu, usimpe mtu hata akijua jina lako lote.

4. Soma SMS kabla ya kuifuta. Ukiona OTP na hukwenda hospitali, kuna mtu anajaribu mlango wako. Ripoti kwa SHA mara moja.

5. Mchango ulipie mwenyewe. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Usimtumie "ajenti" kwa namba yake binafsi ati akulipie.

Sheria iko upande wako

Ulinzi hauko kwako peke yako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti. Una haki ya kuona kilichoandikwa juu yako na kudai kirekebishwe kikiwa cha uongo. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwako, anayeitunza anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Usiposikilizwa, peleka malalamiko kwa Kamishna huyo.

Kazi ya nyumbani ni moja tu. Leo jioni, shika simu ya mama au ya cucu, mpige *147# pamoja, muone amesajiliwa kwa namba gani. Ikiwa ni namba ambayo hakuna mtu nyumbani anaijua, irekebisheni wiki hii, kabla hajaugua.