SOMO KWA WENYE MAGARI: PEDI ZA BREKI ZA KIWANDANI NA NAMNA YA KUZIPAMBANUA

Gari linalokwenda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva anapokanyaga breki, nguvu ya mwendo huo haina budi igeuzwe kuwa joto, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na vipande vinne vilivyomo katika magurudumu mawili ya mbele, ambavyo kila kimoja chaenea katika kiganja cha mkono. Vipande hivyo ndivyo viitwavyo pedi za breki. Ni vitu vidogo kwa umbo, lakini roho za watu zimetegemezwa juu yake. Kwa hivyo ni wajibu wa kila mwenye gari, awe ni mtumishi aliyekabidhiwa gari la Serikali au mwananchi mwenye gari lake mwenyewe, kujua anachokinunua.

Pedi imeundwaje

Pedi ina sehemu mbili: bamba la chuma, na juu yake tabaka la kusugua linaloibana diski. Tabaka hilo ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini, vilainisho na gundi ngumu, uliokandamizwa na kuokwa kwa moto mkali. Ubora wote umo katika mchanganyiko huo, nao hauonekani kwa macho. Pedi mbili zaweza kufanana kwa umbo, kwa rangi na kwa uzito, kisha moja ikashika na nyingine ikateleza mara tu inaposhika moto.

Maana ya neno "orijino"

Madukani neno "orijino" hutumika kwa vitu vinne mbalimbali, na hapana budi vitenganishwe.

Kwanza, pedi iliyomo katika boksi la kampuni iliyounda gari. Hii ndiyo orijino kwa maana iliyo kamili. Aghalabu kampuni ya magari haiitengenezi pedi hiyo yenyewe, bali huiagiza kwa viwanda vya breki. Kwa magari ya Kijapani, miongoni mwa viwanda hivyo ni Akebono, kilichoanzishwa mwaka 1929, na ADVICS, kilichoundwa mwaka 2001.

Pili, pedi ya kiwanda hicho hicho cha breki, lakini iliyouzwa katika boksi la kiwanda chenyewe. Bei yake kwa kawaida ni nafuu, na ubora wake kwa kawaida ni mzuri. Hata hivyo, mnunuzi asichukulie kuwa mchanganyiko wake lazima uwe ule ule uliomo katika boksi la kampuni ya gari.

Tatu, pedi ya kiwanda kingine iliyotengenezwa kwa kufuata kipimo kinachotambulika. Hii si orijino, lakini si haramu. Yaweza kufaa vizuri.

Nne, pedi ya kughushi, yenye jina la watu wengine juu ya boksi. Huu ni udanganyifu, na madhara yake hayamfiki mnunuzi peke yake, bali na abiria wake na mpita njia.

Hata orijino hazifanani

Pedi za kiwandani za magari mengi ya Kijapani hutengenezwa kwa mchanganyiko laini usio na chuma kingi. Hazipigi kelele, hazitoi vumbi jingi na haziili diski. Pedi za kiwandani za magari mengi ya Ulaya huwa na nyuzi za chuma zaidi, kwa kuwa magari hayo huundwa kwa barabara za mwendo mkali. Hushika kwa nguvu zinapopata moto, lakini vumbi lake ni jingi na diski huisha mapema. Kila moja ni njema kwa gari lake. Si hekima, basi, kusema kwamba pedi ngumu ndiyo bora. Pedi bora ni ile iliyopimwa pamoja na gari lenyewe.

Alama za kuangalia

Kanuni Namba 90 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 1992, inataka pedi ya kubadilishia isitofautiane na ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika uwezo wa kusimamisha gari. Pedi iliyokubaliwa huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na maandishi 90R. Orijino ya kampuni ya gari yaweza kukosa alama hiyo bila ya kuwa na dosari, maana ilikwisha kukubaliwa pamoja na gari.

Kadhalika, pedi nyingi huwa na herufi mbili ubavuni, kwa mfano FF au FE. Herufi ya kwanza huonesha kiasi cha mshiko katika joto la kawaida, na ya pili katika joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45. Pedi ya FE, basi, hupungua nguvu inapopata moto. Jambo hili lina uzito kwa gari la abiria linalosimama kila kituo, na kwa gari linaloteremka vilima vya Pemba likiwa na shehena. Herufi hizi zaeleza mshiko tu. Hazielezi uimara wala muda wa kudumu.

Hesabu ya mita 14

Na tuchukue magari mawili yanayokwenda kilomita 80 kwa saa. La kwanza, kila sekunde ipitayo, breki zake hupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde. La pili, lenye pedi dhaifu, kwa mita 5. Tangu breki kuanza kushika, la kwanza litasimama baada ya mita 35, na la pili baada ya mita 49. Tofauti ni mita 14. Lakini lililo zito zaidi ni hili: pale lilipokwisha kusimama gari la kwanza, la pili bado lina mwendo wa kilomita 43 kwa saa. Mtoto anayevuka barabara mahali hapo, kwa gari la kwanza atakuwa amepata hofu tu. Kwa gari la pili atakuwa amegongwa.

Kununua na kufunga

Mnunuzi na achukue namba ya chasisi ya gari, kwani magari ya jina moja yaweza kuwa na pedi mbalimbali. Orijino za Toyota, kwa mfano, namba zake za mbele huanzia na 04465, na za nyuma 04466. Boksi liwe limefungwa, maandishi yasiwe na makosa, na namba ya boksi ilingane na gari. Pedi yenye ufa, au iliyoanza kuachana na bamba lake, irejeshwe.

Pedi hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya mbele, au yote mawili ya nyuma, kwa pamoja. Pedi iliyoingia oili au grisi haisafishwi ikarudishwa; hutupwa. Tabaka likibaki milimita 3, wakati wa kubadilisha umewadia. Baada ya kufunga, dereva aikanyage pedali mpaka iwe ngumu kabla ya kuliondoa gari, na siku za mwanzo asikanyage breki kwa ghafla isipokuwa kwa dharura.

Mafundi nao wanakumbushwa kwamba vumbi la pedi halipulizwi kwa upepo wala kwa mdomo. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu.

Kwa wanaoagiza kwa niaba ya Serikali

Fomu ya maombi inayosema tu "pedi za breki, seti moja" humfungulia mlango kila mwenye bei ya chini. Fomu iliyo sawa hutaja namba ya chasisi, namba ya spea na alama ya kipimo inayotakiwa. Ama kuhusu gharama, uchukuliwe mfano: pedi ya shilingi 30,000 ikidumu miezi 6, na ya shilingi 75,000 ikidumu miezi 24, basi kwa miaka miwili ile ya rahisi imegharimu shilingi 120,000, mbali na ujira wa fundi mara nne na diski zilizoharibika. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Gari la umma ni amana, na abiria ni amana iliyo kubwa zaidi. Anayetia saini fomu ya spea, hata kama hajapata kushika usukani, ana mguu wake juu ya breki.