Elimu ya Makasisi: Shemasi William Jones wa Rabai

Baraza letu linafikiria karo ya kijana anayetaka kwenda chuo cha makasisi, na tumesikia wengine wakiuliza, "Historia na sheria za nini? Kasisi na ahubiri, mambo ya nchi awaachie wenyewe." Kabla hatujakubali, tumtazame mmoja wa mashemasi wa kwanza wa pwani yetu.

William Jones alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani angali mtoto, akaokolewa, akapelekwa Bara Hindi. Huko Nasik, shule ya C.M.S., alifundishwa Biblia na pia uhunzi. Mwaka 1864 alikuja Rabai pamoja na Ishmael Semler na George David, kumsaidia mzee Rebmann. Chuo cha makasisi hakikuwapo; miaka 21 ya kazi ndiyo iliyokuwa chuo chake. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwaweka Jones na Semler kuwa mashemasi. Mwaka uleule Jones alifuatana na Askofu hadi Kavirondo, na Askofu alipouawa Busoga, ni Jones aliyerudisha msafara pwani.

Lakini jambo kubwa lilikuwa Rabai kwenyewe. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia huko. Kanuni za misheni zilikataza kuwapokea, kwa maana sheria ya wakati ule iliwahesabu kuwa mali ya mabwana zao. Jones aliwaacha wakae. Wakajenga, wakalima, wakaja kanisani. Mwaka 1888 mabwana wakaja juu, ikaogopwa kwamba damu itamwagika. Ndipo George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza alipopatana nao kuwalipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400, wa Rabai na wa vituo vingine, wakawekwa huru.

Kwa kanuni, shemasi alikosa, hatulifichi hilo. Ila yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, na somo hilo wakubwa wake hawakulisoma.

Chuo chenyewe kilianza Freretown mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930, nacho ndicho St. Paul's ya leo. Sisi twaona kijana wetu asome yote.

Kwa vikundi vya nyumbani: someni Kumbukumbu la Torati 23:15-16, kisha Waraka kwa Filemoni, ambamo Paulo anamrudisha Onesimo. Je, Jones angewarudisha wale watu?